Mlimani, Breki ya Kwanza ni Gia

Katika nchi yetu ya Uganda, dereva wa jeshi au wa polisi hachagui njia ya kupita. Leo atatumwa Kisoro, kesho Kapchorwa, keshokutwa Bundibugyo. Na huko kote barabara hupanda mlima kisha ikateremka kwa kona nyingi, genge upande mmoja na bonde upande wa pili. Nyuma ya lori wameketi askari wenzake, bunduki magotini, wasio na usukani wala breki. Kwa ajili ya hao twaona yafaa tuseme neno juu ya mteremko.

Neno lenyewe ni hili: mlimani breki ya kwanza ni gia, na breki ya mguu ni ya pili. Madereva wengi wameligeuza jambo hili, na wengine wamekufa kwa kuligeuza.

Tufikiri kidogo. Lori lenye uzito wa tani 10 likiteremka kimo cha mita 500, nguvu inayopaswa kuzuiliwa yatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Dereva akitegemea mguu peke yake, karibu joto hilo lote huingia katika ngoma na bitana za breki. Bitana zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Katika magari yatumiayo mafuta ya breki, mafuta yale nayo huweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Hapo dereva hukanyaga, na mguu ukazama kana kwamba amekanyaga sifongo. Katika malori ya breki za upepo, kukanyagakanyaga ovyo humaliza upepo katika matangi.

Injini haina udhaifu huo. Dereva akiweka gia ndogo na kuondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, na kazi hiyo hulipunguza gari mwendo mita kwa mita. Kanuni ya wazee wa usukani ni nyepesi: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Gia hiyo iwekwe kileleni, kabla ya mteremko kuanza, kwa maana gari likishashika kasi, gia ndogo huenda isikubali kuingia, na dereva akabaki bila gia yoyote. Lori lenye breki ya moshi, ile inayoziba bomba la ekzosi, nayo itumiwe. Mwendo ukizidi hata hivyo, akanyage breki kwa nguvu ya kiasi, mwendo upungue, kisha aachie ipoe. Asiuweke mguu pale kutoka kileleni hadi bondeni.

Wako wasemao kwamba kuteremka kwa gia huru kunaokoa dizeli. Hawasemi kweli. Injini inayosukumwa na magurudumu, mguu ukiwa nje ya mafuta, hukatiwa dizeli. Ikiachwa huru ndiyo huendelea kunywa ili isizimike. Na anayeizima kabisa hupoteza pia msaada wa usukani na wa breki. Wengine husema gia ndogo huharibu injini. Haiiharibu, maadamu mizunguko haijapita alama nyekundu. Ikikaribia huko, breki ya mguu isaidie.

Twaongeza mawili. Kwenye msafara, gari linalopunguzwa mwendo na injini haliwashi taa za nyuma; basi dereva aguse breki kidogo ili anayemfuata ajue. Na barabara ya udongo ikilowa mvua, klachi iachiwe taratibu na magurudumu yote manne yatiwe kazini, kama gari lina uwezo huo, ili ya nyuma yasiteleze.

Lakini lawama zote tusimtwike dereva. Mara nyingi pembeni yake ameketi mkubwa wake, naye ndiye asemaye, "Kanyaga, tumechelewa!" Rai yetu ni kwamba kuchagua gia kileleni kusiachiwe hiari ya mtu, bali kuwe amri katika kila kikosi na kila kituo, na mkuu wa gari awajibike pamoja na dereva. Dereva asimamaye kileleni kukagua breki na kupanga gia asiitwe mwoga. Dakika tano anazozitumia pale ni bei ndogo kwa roho za watu ishirini.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwamba huporomoka.