Gari Linapogoma Alfajiri

Katika Ghuba ya Tungue, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, gari haliharibiwi na mashimo na mchanga wa barabarani peke yake. Huharibika hata likiwa limesimama. Upepo wa baharini huchukua chumvi na unyevu usiku kucha na kuvipenyeza chini ya boneti. Na mwenye gari, aliyerudi nalo salama jana kutoka Quionga, asubuhi hugeuza ufunguo asipate jibu.

Jambo hili huwasumbua zaidi jamaa za askari. Mwenye gari yuko kazini wiki tatu. Gari limekaa chini ya mwembe, huku saa yake na king'ora chake vikinyonya betri kidogo kidogo. Kisha usiku mmoja mama wa nyumba ya pili anashikwa na uchungu, na gari lililotegemewa limenyamaza. Watu wa Palma hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mji wao uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbia, wengi kwa miguu.

Desturi ya wengi ni kugeuza ufunguo mara ishirini kwa hasira. Hiyo ni njia ya kuimaliza betri iliyobakiwa na nguvu kidogo, na kuiunguza stata. Yafaa kugeuza mara moja, kisha kusikiliza.

Taa za mbele ndizo kipimo, na hata mtoto wa shule aweza kusimama mbele ya gari akazitazama. Ziwashwe, halafu ufunguo ugeuzwe. Zikififia sana, na chini ya boneti kukasikika ta-ta-ta, basi betri imechoka au vichwa vyake havishikani vyema na waya. Zikiendelea kung'aa na stata isiseme kitu, au ikapiga mlio mmoja mzito tu, kosa li katika stata, waya zake au swichi. Katika magari yanayojibadilishia gea yenyewe, huenda mkono wa gea haukufika vyema kwenye P. Aibu hiyo ndogo imewalipisha wengi ujira wa fundi.

Pwani, mshukiwa wa kwanza ni ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na hurudishwa mwisho. Unga huo una asidi, hivyo usiguswe kwa mkono mtupu. Huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, vichwa vikasuguliwa hadi chuma king'ae, vikakazwa na kupakwa grisi. Waya wa hasi ufuatwe pia hadi unapofungwa kwenye bodi, maana kutu hujificha huko. Sigara iwe mbali: betri hutoa gesi inayolipuka.

Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, betri haina hatia. Gari la petroli litazamwe mafuta na fyuzi, na waya za plugi zikaushwe kwa kitambaa. La dizeli huenda limeingiwa na hewa au maji katika chujio; maji yamwagwe, na pampu ndogo ya mkono, kama ipo, isukumwe hadi iwe ngumu. Taa yenye picha ya ufunguo ikimetameta, gari halijautambua ufunguo. Ujaribiwe wa pili.

Kusukuma husaidia gari la gea za mkono tu, gea ya pili, na katika mchanga mwingi ni kuwachosha vijana bure. Heri betri ya jirani: waya mwekundu kutoka chanya hadi chanya; mweusi kutoka hasi ya betri nzima hadi chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri yake.

Askari anayekwenda zamu ndefu na aufungue waya wa hasi kabla hajaondoka. Katika magari mengi ya Japani kazi hiyo hutaka spana namba 10 tu. Spana hiyo ikae ndani ya gari, na mama wa nyumba aonyeshwe waya wenyewe na jinsi ya kuurudisha, mchana, kabla hajauhitaji gizani.