Tiketi ya bei nafuu ina masaa yake



Katika vikundi vyetu wamo wamama wenye watoto Uingereza. Wengine walipokelewa huko kama wakimbizi, katika miji kama Sheffield, Hull na Norwich. Wengine wako London au Manchester kwa kazi na masomo. Mtoto akijifungua, anaita mama yake aje amsaidie. Visa ikipatikana na ndege ikitua, safari bado haijaisha, kwa maana kutoka London hadi Sheffield watu wengi wanakwenda kwa treni. Juma hili tuongee juu ya tiketi ya treni hiyo, kwa sababu mama anaweza kushika tiketi ya kweli, iliyolipiwa, na bado akaambiwa kwamba saa hii haimruhusu kupanda.

Kwanza tujue aina tatu za tiketi. Majina yake yameandikwa kwenye tiketi yenyewe. Anytime ni tiketi ya wakati wowote: unapanda treni ya asubuhi au ya jioni, lakini bei yake ni kubwa. Advance ni tiketi ya treni moja tu, kwa tarehe na saa iliyoandikwa. Ukiinunua mapema inaweza kuwa rahisi sana, lakini treni ile ikikuacha, tiketi imekufa. Off-Peak iko katikati. Unaweza kupanda treni yoyote ya njia yako siku ile, ila si katika masaa ya msongamano. Njia nyingine zina pia Super Off-Peak, ambayo bei yake iko chini zaidi na masaa yake ni machache zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Mama wa sokoni anaelewa upesi. Nyanya za asubuhi na nyanya za jioni ni zile zile, lakini asubuhi wanunuzi ni wengi na bei inasimama. Vivyo hivyo treni za asubuhi zinajaa wafanyakazi. Kampuni za treni zinataka asiye na haraka asubiri kidogo, na zinampunguzia bei. Punguzo lile ni malipo ya kusubiri kwako. Asiyesubiri hana haki ya punguzo.

Sasa, masaa hayo ni yapi? Hakuna saa moja kwa nchi yote. Kila njia ina sheria yake. Mara nyingi kizuizi ni asubuhi, tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa treni nyingine zinazotoka London kuna kizuizi cha jioni pia. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa kwa kawaida hazina kizuizi. Ndani ya London, kwenye treni za chini ya ardhi, bei ya juu ni ya siku za kazi, kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa 10 mchana hadi saa 1 jioni. Uskoti wamefanya tofauti: tangu tarehe 1 Septemba 2025, treni za ScotRail hazina tena bei ya juu ya masaa ya msongamano.

Kwa njia yako mwenyewe, tafuta kwenye tiketi alama fupi ya herufi au tarakimu mbili. Alama hiyo ndiyo inayoonyesha sheria ya masaa. Mtoto wako anaweza kuisoma kwenye intaneti, au mwuzaji wa tiketi pale stesheni akuelezee. Kuuliza si ujinga.

Hapa pana mitego mitatu ambayo mama anayetoka kwetu anapaswa kuiangalia.

Mtego wa kwanza ni saa ya mkononi. Bukavu, Goma na Lubumbashi tuko mbele ya Uingereza kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili wakati wa baridi yao. Saa yako ikionyesha saa 4 asubuhi ya Bukavu, huko ni saa 3, au hata saa 2 tu. Wewe unafikiri msongamano umekwisha, kumbe bado. Tena, masaa ya tiketi yanaandikwa kama ya Kifaransa: 09:30 ni saa 3 na nusu asubuhi kwetu, na 16:00 ni saa 10 mchana.

Mtego wa pili ni saa ya kutua. Ndege nyingi zinazotoka Afrika usiku zinafika London alfajiri. Mama anatoka uwanjani na mizigo yake asubuhi ya siku ya kazi, katikati ya masaa yale yale yaliyokatazwa. Basi mtoto aliyenunua Off-Peak amwambie mama mapema: ukae, unywe chai, usipande kabla ya saa fulani. Lakini asikimbilie kununua Advance kwa siku ya kutua. Ndege ikichelewa, au foleni ya pasipoti ikiwa ndefu, treni itakwenda bila mama. Off-Peak inamsubiri hadi jioni.

Mtego wa tatu ni tiketi ya kwenda na kurudi. Off-Peak Return mara nyingi inakuruhusu kurudi ndani ya mwezi mmoja, na Off-Peak Day Return ni ya kurudi siku ile ile. Mama anayekwenda kukaa na mzazi miezi mitatu asinunuliwe kurudi. Muda utapita akiwa bado anaosha mtoto, na feza zitakuwa zimepotea.

Je, ukipanda saa isiyo yako? Kwa tiketi ya Off-Peak, sheria ya treni inasema utalipa tofauti kati ya bei uliyolipa na bei ya tiketi inayokubalika kwenye treni ile. Usifiche tiketi wala usigombane. Mwonyeshe mkaguzi, uombe kulipa tofauti hiyo, na udai risiti. Asiye na tiketi kabisa ana shida kubwa zaidi: Uingereza faini yake inaweza kuwa pauni 100 pamoja na nauli, na pauni hizo zinapungua kuwa 50 akilipa ndani ya siku 21.

Wenye watoto wanafunzi huko wawakumbushe jambo hili pia. Kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16 hadi 25 ina kiwango cha chini cha nauli kabla ya saa 4 asubuhi siku za kazi, isipokuwa Julai na Agosti. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba abiria kadhaa walitishiwa mahakama kwa ajili ya pauni chache tu, kwa sababu ya sheria hiyo. Serikali iliagiza mambo hayo yachunguzwe, lakini kijana afadhali asome masaa kabla ya kulipa.

Habari njema nayo ipo. Mtoto aliye chini ya miaka 5 anasafiri bure na mzazi wake, na wa miaka 5 hadi 15 kwa kawaida analipa nusu. Mama aliyefikisha miaka 60 anaweza kununua kadi ya wazee, na pasipoti yake inatosha kuonyesha umri. Kadi hiyo inapunguza theluthi ya bei ya tiketi nyingi, ingawa nayo ina masaa yake ya asubuhi upande wa London.

Tunaomba kila kikundi chenye mama anayejiandaa kusafiri kifanye hivi. Mtoto atume picha ya tiketi kabla ya safari. Mwaisome pamoja siku ya likelemba, na mama aandike kwenye karatasi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili: jina la stesheni, saa ya kwanza anayoruhusiwa kupanda, na siku ya mwisho ya tiketi. Karatasi hiyo aiweke pamoja na pasipoti. Simu inaweza kuzimika, karatasi haizimiki.

Hadi juma lijalo, mbaki na amani.