Neno la wiki: fanya juu

Neno la wiki hii unalijua tayari, kwa vipande: fanya, na juu. Ukiyaweka pamoja yanakuwa jina la kitu, na jina hilo limeingia kwenye vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Safari hii wao ndio waliokopa kwetu.

Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kukatiza mteremko. Udongo unaoutoa unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta, na juu ya tuta unapanda nyasi za ng'ombe. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unakwama kwenye tuta. Miaka inapita, shamba linajitengenezea ngazi lenyewe. Ukiurusha chini je? Ndiyo, inaitwa fanya chini.

Mimi nimelijua neno hili kwa aibu. Mwaka jana mimi na binamu zangu hapa Uingereza tulichanga pesa tujenge nyumba kwenye shamba la babu, Murang'a. Fundi akatuma picha: kiwanja kimesawazishwa, udongo mwekundu, safi kabisa. Sote tukaweka mioyo kwenye grupu. Aprili mvua ikaja, na mjomba akapiga simu.

"Mmelipa watu wafukie fanya juu za baba yangu?"

"Mjomba, tulidhani ni mitaro tu."

"Haya. Udongo wenu mtaukuta Masinga."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Kumbe mito ya Murang'a inaingia Tana, na Tana inaingia bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, la juu kabisa kati ya mabwawa matano ya umeme yanayofuatana kwenye mto huo. Mto ukifika bwawani unapunguza mwendo, na maji yaliyotulia hayabebi udongo. Unatua pale pale, unachukua nafasi ya maji ambayo yangewekwa kwa ajili ya kiangazi. Kuutoa ni kazi kubwa mno.

Kilichomuuma mjomba zaidi ni kingine. Enzi za mkoloni watu wa Murang'a walilazimishwa kuchimba matuta, na miaka ya 1940 wanawake wakagoma. Babu aliichukia kazi ile. Lakini hizi za shambani kwake alizichimba baadaye, kwa hiari yake, na jembe lake.

Nyumba imesimama kwanza, pesa iliyobaki inalipa vibarua wa mitaro. Desemba naenda. Mjomba kaniambia nibebe viatu vya kazi, sio vile vyeupe.