USUKANI HAUTAKI KUBAHATISHA

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa. Matrekta mengi yaliyoletwa nchini yalikuwa yamekwisha tumika vitani. Yaliharibika upesi, vipuri na mafundi havikutosha, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli ya kutoka Mtwara nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Tangu hapo msafiri wa Nachingwea na Ruangwa hutegemea gari.

Gari hilo mara nyingi ni Hiace iliyokwisha choka Japani kabla ya kushuka bandarini. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaijua vyema hali hiyo. Kwao adui wa chuma ni chumvi ya bahari. Huku ni vumbi. Mpira unaofunika kiungo cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita boli jointi, ukipasuka, mchanga huingia, grisi hukauka, chuma husaga chuma. Usukani huanza kucheza, tairi huliwa upande mmoja. Siku tairodi ikichomoka, gurudumu hujiendea litakako, wala dereva hana la kufanya.

Vipuri hivyo hubadilishwa uani au chini ya mwembe, katika zile ziitwazo gereji bubu. Hatuwalaumu mafundi hao; bila wao magari mengi yangelala. Tunacholaumu ni kubahatisha: fundi kulala chini ya gari lililoegemea jeki tupu, kipuri kikuukuu kurudishwa, msumari kutiwa mahali pa pini ya kuzuia nati, na gari kurudi barabarani bila magurudumu kupimwa unyofu.

Wako watakaoshauri gereji hizo zifungwe. Zikifungwa, kazi itahamia gizani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa polisi uwezo wa kukagua gari. Basi ukaguzi huo ufike chini ya gari, usiishie kwenye taa na stika. VETA iwafuate mafundi walipo, iwafundishe, iwapime, iwape vyeti. Halmashauri za wilaya hizi mbili nazo zitenge mahali penye shimo la ukaguzi na kipimo cha magurudumu.

Mama anayepanda gari alfajiri kumpeleka mtoto hospitali hawezi kuchungulia chini ya gari. Kazi hiyo amewakabidhi wengine. Twawauliza wahusika: ni nani kati yenu aliyekwisha kuchungulia kwa niaba yake?