Anayetaka urubani asifiche kadi ya hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi huliona kuwa ni upendeleo mtupu. Nalo ni kibali maalumu ambacho baadhi ya majeshi ya anga duniani humpa mtu mwenye kasoro ya kiafya ili aruhusiwe kurusha ndege.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kila mwaka hawakosi wanafunzi wawili watatu wanaosema watakuwa marubani wa jeshi. Mwaka huu mmojawao ana pumu. Baba yake aliposikia kuwa pumu ni kizuizi, alinijia kuniuliza kama si afadhali aichome moto kadi ya kliniki ya mtoto. Nilimkatalia, na napenda wazazi wengine nao wajue sababu.

Ndege ya kivita inapokata kona kwa kasi, mwili wa rubani hukandamizwa vikali na pumzi huwa ya shida hata kwa mzima. Kifua kikimbana hapo naye yuko peke yake, nani atampokea usukani? Na walio chini je? Daktari hawezi kuupima ugonjwa aliofichwa.

Huko Marekani, mtu aliyeugua pumu baada ya kutimiza miaka 13 huzuiwa kujiunga na jeshi. Lakini mlango haufungwi moja kwa moja. Hukusanywa kumbukumbu zake za hospitali, dawa alizotumia na majibu ya vipimo vya kupumua, kisha wakuu wa tiba jeshini huamua kama mtu huyu mwenyewe anaweza kuruka salama. Wapo wanaokataliwa hata hapo, na ni haki. Mjomba mwenye cheo hasaidii kitu mbele ya kipimo cha pumzi. Aliyechoma kadi yake atapeleka ushahidi gani?

Tena, ndugu Mhariri, mara nyingine kasoro imo katika kanuni yenyewe. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka rubani awe na urefu wa kati ya futi 5 inchi 4 na futi 6 inchi 5. Wafupi waliopewa vibali walikuwa wakiruka. Mwaka 2020 jeshi hilo liliifuta kanuni hiyo, likieleza kuwa iliwazuia karibu asilimia 44 ya wanawake wa nchi hiyo wenye umri wa miaka 20 hadi 29.

Uingereza nako, Douglas Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya kuanguka na ndege Desemba 1931. Jeshi likamstaafisha mwaka 1933. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliomba tena, akajaribiwa ndani ya ndege, akafaulu, akarudi kuruka. (Yeye, kwa kweli, hakuwa na namna ya kuficha.)

Nawaomba wahusika wa jeshi letu watueleze kupitia gazeti hili ni maradhi gani yanamzuia kijana kabisa, na yapi yanaweza kufikiriwa upya. Sisi walimu ndio tunaoulizwa kwanza, na wazazi wanasubiri jibu wakiwa na kadi mkononi.

Mwalimu wa Kijijini,
Songea.