Mbele ya ng'ombe, mbuzi na soja

Ndugu wanamemba, kila mara tunaombwa ng'ombe ili watoto wapate maziwa. Sisi tunaona tusianze na ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa anakula majani mabichi kilo 40 ao zaidi kwa siku, na anakunywa maji mengi. Wakati wa kiangazi, ni mama ndiye atayabeba kichwani. Akikufa mmoja, akiba ya miaka imekwenda.

Mbuzi tuko naye tayari, lakini tunamuuza tu. Akizaa, mtoto wake ashibe kwanza. Kinachobaki, hata kikombe kimoja, tukichemshe, tuwape watoto wetu.

Mbuzi akikauka, kuna soja. Kilo moja, ukiilowesha usiku, ukaisaga, ukaichuja na kuichemsha vizuri, inatoa litri 6 hivi za maziwa. Lakini maziwa ya soja hayana nguvu ya kutosha kwa mifupa. Watoto wakule pia ndakala za ziwa letu, nzima na mifupa yake. Na mtoto mwenye hajafikisha miezi 6, ni ziwa la mama tu.

Feza ya koperative inunue kwanza mbegu ya soja. Ng'ombe atakuja wakati majani yake yamekwisha kupandwa.