Kosa la Dawa Lisifichwe

Wananchi wengi wakisikia kwamba mgonjwa amepewa dawa isiyo yake hospitalini, swali lao la kwanza ni hili: "Nani aliyefanya?" Wakitajiwa jina la muuguzi hutaka afukuzwe, na akifukuzwa hurudi majumbani wakidhani mambo yamekwisha. Sisi twasema hayajakwisha. Chupa mbili zinazofanana bado zimo katika kabati lile lile, mwandiko bado hausomeki, na muuguzi mwingine ameachiwa wadi nzima usiku peke yake. Kosa lile lile linamngoja na yeye.

Hatusemi haya ili kuwatetea wazembe. Muuguzi anayekuja kazini amelewa, au anayemwacha mgonjwa akilia huku yeye anapiga soga, sheria ipo na ichukue mkondo wake. Tunamsemea muuguzi mwaminifu, aliyechoka, anayeitwa huku na huku, ambaye mkono wake umeshika kichupa kisicho chenyewe.

Yafaa wasomaji wajue jinsi kosa linavyozaliwa. Daktari anaagiza insulini uniti 10, lakini badala ya kuandika neno "uniti" anaandika herufi U. Herufi hiyo ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, na mgonjwa aliyestahili 10 hupewa 100. Au ameandika 1.0, na nukta isipoonekana husomwa 10. Kwingine potasiamu ya sindano, ambayo haijachanganywa na maji, huwekwa pamoja na maji ya kuchanganyia dawa. Vyote viwili havina rangi. Potasiamu hiyo ikisukumwa katika mshipa, moyo husimama.

Je, ni lipi kati ya mambo hayo litakaloondoka kwa kumfukuza mtu mmoja? Hakuna hata moja. Lakini yote yaondoka kwa mpango. Neno "uniti" liandikwe zima. Nambari kamili isifuatwe na nukta na sifuri. Potasiamu kali itolewe wadini, ikae katika stoo ya dawa.

Wauguzi hufundishwa mambo matano tangu chuoni: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe ndicho, njia iwe ndiyo, na wakati uwe ndio. Mafundisho hayo ni mema. Lakini atayatimizaje mtu asiye na taa ya kutosha kusomea maandishi ya kichupa? Na zile dawa za hatari, ambazo yapasa watu wawili wazihakikishe, atazihakikisha na nani ikiwa yuko peke yake?

Sasa tutazame yaliyotokea Marekani. Mwezi Desemba 2017, katika mji wa Nashville, muuguzi alitumwa kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza kabla ya kupigwa picha. Katika kabati la mashine akachukua dawa ya kulegeza misuli, ambayo humfanya mtu asiweze kupumua mwenyewe. Majina ya dawa hizo mbili yalianza kwa herufi zile zile. Ni kweli kwamba muuguzi huyo alipita maonyo ambayo yangemzuia. Mgonjwa akafa. Kosa lilipogunduliwa, muuguzi alikiri pale pale. Lakini umma haukuambiwa. Habari zilijulikana baada ya mtu asiyejitaja jina kuzipeleka kwa wakuu wa serikali mwaka 2018. Mwaka 2022 muuguzi alitiwa hatiani, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Hospitali yenyewe haikushtakiwa kwa jinai.

Aliyekiri ndiye aliyesimamishwa kizimbani. Wauguzi wengi wa nchi ile walilalamika, nasi twaona walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu hukumu kama hiyo hufundisha somo moja tu: ukikosea, nyamaza. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua somo hilo. Mtoto anayechapwa kwa kila hesabu anayokosea hajifunzi hesabu. Hujifunza kuficha daftari. Mwalimu asiyeliona daftari hawezi kujua ni wapi darasa zima limepotea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo twadai kila wadi iwe na kitabu cha makosa. Liandikwe kosa lililomdhuru mgonjwa, na liandikwe pia lile lililogunduliwa kabla sindano haijachomwa, maana hilo ndilo onyo la bure. Anayeandika kosa lake kwa ukweli asiadhibiwe kwa kuliandika. Anayelificha, au mkuu anayeamuru lifichwe, huyo ndiye aulizwe. Na mgonjwa na jamaa zake waambiwe kweli, kwa kuwa mwili uliodhuriwa ni wao.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliitaka dunia nzima ipunguze kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukwa. Miaka hiyo mitano imekwisha kupita. Lakini kitabu cha makosa hakihitaji mkutano wa mataifa. Kinahitaji daftari, kalamu, na mkuu wa hospitali asiyeogopa kuaibika.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa sababu alidhaniwa kuwa ni mwenzake. Basi muuguzi akikuuliza jina lako kwa mara ya tatu usikasirike, anakulinda. Akikuletea tembe za rangi usiyoizoea, muulize kwa adabu: "Dada, hii ni dawa gani, na ni ya nini?" Kuuliza si ujinga. Anapopanga dawa, usimwite kwa jambo linaloweza kungoja.

Na wale mnaokaa katika kamati za hospitali na vituo vya afya, katika kikao kijacho msiulize ni nani amekosea. Ombeni mwonyeshwe kitabu cha makosa. Mkiambiwa hakipo, anzeni kazi hapo. Mkiambiwa kipo lakini hakina hata neno moja, msishangilie. Ulizeni watu wanaogopa nini.